Ukitaka kuona Mosi-oa-Tunya, anza na mwezi, nauli baadaye

Mosi-oa-Tunya ndiyo yale maporomoko ya Victoria, mto Zambezi unapoanguka mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Mara ya kwanza nilikwenda Livingstone, mji wa jirani yake upande wa Zambia, na mume wangu mwezi wa Novemba, kwa sababu ndipo alipopewa likizo. Tulitoka Mbeya, tukahangaika na mabasi siku tatu, tukalipa kiingilio, tukasogea ukingoni, tukaona ukuta wa mawe meusi. Ukuta mrefu wa kutisha, sikatai, lakini mkavu. Vijito viwili vitatu vinadondoka kwa mbali, basi. Mume wangu akaniuliza, "Mama, maji yenyewe yako wapi?" Sikuwa na jibu. Kumbe maji yalikuwapo, tena mengi, ila yalikuwa upande wa Zimbabwe, kama nusu saa tu kwa miguu kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Hatukujua, na hela ya kiingilio cha pili tulikwishaila kwenye teksi na soda.

Mara ya pili nilikwenda Juni, na wanawake wenzangu wa kikoba. Tulikuwa saba, pamoja na shangazi yangu wa miaka 67 kutoka Kyela aliyejiunga dakika za mwisho na kumaliza michango yake kabla yetu sote. Mimi ni fundi cherehani Mwanjelwa, na kwenye kikoba ndimi mweka hazina, kwa hiyo haya ninayoyaandika yametoka kwenye daftari. Kila mmoja aliweka shilingi 20,000 kwa wiki kwa wiki 52. Ikafika 1,040,000 kwa kichwa, na tulirudi bila kumkopa mtu.

Mwezi kwanza

Watu hupanga safari hii kwa likizo au kwa sikukuu. Ipange kwa maji.

Ukifikiri kwamba mvua ikinyesha ndipo maporomoko yanapojaa, utakosea kama tulivyokosea sisi. Kule mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi hivi, lakini Zambezi haujai siku hiyohiyo. Maji mengi hutoka mbali, Mwinilunga kaskazini-magharibi mwa Zambia na nyanda za juu za Angola. Yakishuka hufika kwenye tambarare ya Barotse, magharibi mwa Zambia, yanatanda huko kama ziwa na kukaa wiki nyingi. Ndiyo majira ambayo mfalme wa Walozi huhama kwa mtumbwi mkubwa kwenda nchi kavu, sherehe wanayoiita Kuomboka. Baada ya hapo ndipo maji yanajikusanya tena na kuja Livingstone. Kwa hiyo mto hufika kileleni kama Aprili, wakati mvua za Livingstone zimekwisha na anga ni safi.

Sasa chagua. Aprili na Mei maji ni mengi kupita kiasi. Moshi wake unauona ukiwa bado mbali barabarani, unatetemeshwa na ngurumo, na unaloa hadi nguo za ndani, ila ukuta wenyewe unaweza usiuone kwa sababu ya manyunyu. Kuna waliolalamika kwamba walilipia kuona wingu. Juni, Julai na Agosti maji bado yapo ya kutosha na pazia la manyunyu linaanza kufunguka, unaona juu mpaka chini. Hiyo ndiyo miezi yangu. Kuanzia Septemba mto unapungua, na Oktoba na Novemba upande wa Zambia unaweza kukauka karibu wote. Mwaka 2019 picha za ukuta mkavu zilizunguka dunia nzima, watu wakadhani maporomoko yamekufa.

Upande wa Zambia hukauka kwanza kwa sababu mbili. Kingo yake iko juu kuliko ya Zimbabwe, hivyo maji yakiwa machache yanatafuta bonde upande wa pili, kwenye mkondo uitwao Devil's Cataract. Pili, Zambia huchota sehemu ya maji juu ya maporomoko kwa ajili ya kituo cha umeme kilichoko bondeni. Ukilazimika kwenda Oktoba au Novemba, nenda, lakini hela yako ya kiingilio ipeleke Zimbabwe. Na ujue Oktoba kule kuna joto la kukaanga.

Miezi hiyo ya ukame ina faida yake kwa wenye roho ngumu. Maji yakipungua, toka kama katikati ya Agosti hadi Januari, hufunguliwa kidimbwi kinachoitwa Devil's Pool, pale Kisiwa cha Livingstone, ambapo mtu anaogelea kwenye ukingo kabisa wa maporomoko. Unapelekwa na waongozaji, na gharama ni zaidi ya dola 100 za Marekani. Shangazi alipoelezwa aliuliza kama hizo dola 100 ndizo unazopewa wewe ukikubali kuingia.

Jambo jingine la kuhesabu ni mwezi wa angani. Maji yakiwa mengi na mbalamwezi ikiwa kamili, upinde wa mvua hutokea usiku, mweupemweupe, juu ya yale manyunyu. Siku hizo za mwezi mpevu hifadhi hufungua lango usiku kwa tiketi ya pekee. Kwetu hesabu ni rahisi: tafuta jirani mwenye kalenda ya Kiislamu, umwombe akuonyeshe usiku wa mwezi kumi na nne utaangukia tarehe gani ya Mei au Juni, kisha upange safari kuzunguka usiku huo. Sisi tulifika siku mbili baadaye. Daftari langu limeandika: "Kosa la mweka hazina."

Pasipoti na kadi ya njano

Mtanzania haombi viza kuingia Zambia wala Zimbabwe. Mkenya vilevile. Unachohitaji ni pasipoti yenye zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha, na hapa sikiliza vizuri: iwe na kurasa tupu. Kuvuka daraja asubuhi kwenda Zimbabwe na kurudi jioni kunakula mihuri minne. Kutoka Zambia mmoja, kuingia Zimbabwe mmoja, kutoka Zimbabwe mmoja, kurudi Zambia mmoja. Ongeza ya Tunduma na Nakonde kwenda na kurudi. Mwenzetu mmoja anayekwenda Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, kibiashara alikuwa na ukurasa mmoja na nusu tu uliobaki, na kila dirishani tulikuwa tunamwombea.

Kama una ndugu anayekuja kuungana nawe kutoka Ulaya au Marekani kwa pasipoti ya huko, mwambie aulizie viza iitwayo KAZA. Ni dola 50, inamruhusu kukaa Zambia na Zimbabwe hadi siku 30 na kuvukavuka apendavyo, na hata kuingia Botswana kwa matembezi ya siku moja kupitia Kazungula.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano beba, hata kama wa kijiweni wamekuambia haiulizwi. Kuna siku inaulizwa. Malaria kule ipo kama kwetu, hivyo chukua dawa ya kupaka ya mbu na ulale ndani ya neti.

Njia yetu

Kutoka Mbeya ni Kosta hadi Tunduma, zaidi kidogo ya kilomita 100. Anayetoka Dar ana mabasi yanayokwenda Lusaka moja kwa moja, lakini ajue anakaa kitini kama siku mbili. Mpaka wa Tunduma na Nakonde siku hizi ni wa kituo kimoja, unagongewa mihuri yote miwili mahali pamoja. Nenda mwenyewe hadi dirishani. Vijana watakaokufuata wakitaka kukushikia pasipoti "ili iende haraka" waambie asante, usimpe mtu.

Ukishavuka, fanya jambo moja kabla ya lingine lolote: rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Wao wako nyuma yetu. Halafu kuna hili la kusoma saa, ambalo kwa Mswahili ni mtego mkubwa kuliko wezi. Mzambia anahesabu saa kwa namba za kizungu, tena anasema "six hours" akimaanisha saa kumi na mbili asubuhi. Mimi na mume wangu, ile safari ya Novemba, tuliambiwa basi linaondoka "six hours". Kichwani nikatafsiri saa sita. Tukalala, tukaamka, tukanywa chai taratibu, tukafika stendi saa tano kwa kujisifu kwamba tumewahi. Basi lilikuwa limeondoka saa tano zilizopita. Kosa letu wenyewe, nauli haikurudi. Safari ya pili niliwaandikia wote kwenye kiganja kwa kalamu: 06:00 = saa 12 asubuhi. Shangazi alinawa mikono, akaniamsha saa tisa usiku kuuliza.

Nakonde hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000. Mpika, Serenje, Mkushi, Kapiri Mposhi, Kabwe, halafu Lusaka. Mwulize kondakta kabla ya kulipa kama basi linalala njiani. Letu lilisimama usiku na tukalala vitini, hivyo shuka ya Kimasai iwe mkononi, isiwe kwenye begi lililofungiwa chini. Ukipita Serenje, kaskazini yake ndiko Chitambo, alikofia David Livingstone mwaka 1873. Wenzake Chuma na Susi walizika moyo wake huko, wakaukausha mwili wakaubeba kwa miguu miezi mingi hadi Bagamoyo, walikofika mwaka 1874. Tulikuwa tumeshalalamika miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi. Nikawasimulia hilo, malalamiko yakapungua kidogo.

Lusaka hamna haja ya kukaa zaidi ya usiku mmoja kama lengo ni maporomoko. Stendi kuu ina wapiga debe kama wa kwetu, na watakushika begi kama wa kwetu. Chagua basi kwa kuona tairi na kioo cha mbele, si kwa rangi ya sare ya kondakta, na ukate tiketi jioni ya siku moja kabla. Hadi Livingstone ni karibu kilomita 480, saa saba hivi, lami: Mazabuka penye mashamba ya miwa, Monze, Choma, Kalomo. Kaa dirishani.

Kuna wanaotaka treni. TAZARA ni kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Wachina walitusaidia kuijenga, na ilikabidhiwa mwaka 1976. Baba yangu aliifanyia kazi ya kibarua kipande cha Makambako, basi nyumbani kwetu huruhusiwi kuisema vibaya. Ni njia nzuri kwa mwenye muda, unaona wanyama bila kulipa hifadhi na unapita mahandaki kati ya Mlimba na Makambako. Lakini ratiba yake hubadilika na mara nyingine husimama kabisa, kwa hiyo nenda stesheni kwa miguu yako uulize wiki hiyohiyo. Na treni inakuacha Kapiri. Lusaka na Livingstone utaendelea na basi.

Ndege zipo kutoka Dar hadi Lusaka, na Livingstone kuna kiwanja chake, na mji wa Victoria Falls upande wa Zimbabwe una chake. Mwenye hela hanihitaji.

Hela

Badilisha kidogo tu mpakani, ya kutosha nauli na chakula hadi Lusaka. Kabla hujatoa hela, jua kiwango cha siku hiyo, hesabu kwacha mkononi mwako mara mbili, na ukishahesabu usimrudishie mbadilishaji "arekebishe". Akirekebisha, amechomoa. Angalia pia noti. Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye hela yake mwaka 2013, na mwaka 2025 ikatoa noti mpya huku za zamani zikipewa mwaka mmoja tu wa kutumika. Mtu akikupa noti yenye maelfu, amekuokota.

Zimbabwe nenda na dola za Marekani, na ziwe ndogondogo: moja moja, tano, kumi. Chenji ni shida kubwa kule. Ukitoa dola 20 kununua maji unaweza kurudishiwa pipi, kalamu na ahadi. Noti zisiwe zimechanika wala kuandikwa. Mitaani utauziwa zile noti za zamani za Zimbabwe, za dola trilioni 100, zilizotolewa mwaka 2009 wakati hela yao ilipoporomoka. Hazinunui kitu, ni ukumbusho. Mwenyekiti wetu alinunua moja, na sasa kila mkutano wa kikoba anasema yeye ni trilionea anayedaiwa faini ya kuchelewa.

Kila mmoja alikuwa na bahasha ya 150,000 ya dharura iliyokaa kwangu, na ilikuwa marufuku kuigusa. Tulifungua mbili: moja kwa dawa za tumbo, nyingine kwa simu, nitaeleza.

Kulala na kula

Lala mjini Livingstone, upande wa Zambia. Ni rahisi kuliko Zimbabwe, kuna nyumba za wageni za vitanda vingi chumba kimoja ambazo kwa kundi la wanawake wanaojuana ni raha tupu, na nyingine zina jiko la wageni. Sisi tulipika. Soketi ni zile zile za pini tatu za mraba, chaja yako itaingia. Juni usiku ni baridi. Sisi wa Mbeya tuliona kawaida, ila mmoja wetu aliyekuja kutoka Dar alilala na khanga tatu na soksi.

Chakula hakitakutisha. Nshima ni ugali, umepondwa laini kuliko wetu, mweupe. Kisamvu utakikosa lakini kuna chibwabwa, majani ya maboga, na ukipikiwa kwa karanga utasahau nyumbani. Kapenta ni dagaa. Tena ni dagaa wetu kweli: samaki hao walichukuliwa Ziwa Tanganyika wakapandwa kwenye bwawa la Kariba miaka ya 1960, wakazaliana. Nilipomweleza mama muuzaji kwamba anakula watu wa Kigoma, alicheka akaniongezea kijiko. Asubuhi barabarani wanauza vitumbuwa. Usitegemee vitumbua vya mchele na nazi. Hivi ni vya unga wa ngano, vya mviringo, karibu na kalimati kubwa. Vinashiba.

Lugha: Livingstone utasikia Kitonga, Kilozi, Kinyanja na Kibemba mchana mmoja. "Muli bwanji" ya Kinyanja inafungua milango mingi, "zikomo" ni asante, na Watonga ukiwaambia "twalumba" wanatabasamu. Pesa ni ndalama. Ukisikia neno hilo, sikiliza kwa makini kinachofuata.

Siku ya Zambia

Mjini hadi kwenye maporomoko ni kama kilomita kumi. Kuna teksi za kuchangia, za buluu. Usitembee kwa miguu barabara ile jioni, tembo huvuka, na tembo hana habari kwamba wewe ni mgeni.

Fika lango linapofunguliwa. Chakula kiache mjini au kifungie ndani ya begi lenye zipu, kwa maana nyani wa pale wamezoea watu kuliko watu walivyozoea nyani. Mmoja alimnyang'anya mwenzetu mfuko wa mahindi ya kuchemsha, akakaa ukutani anatafuna huku anamtazama machoni.

Vaa malapa au viatu vya mpira visivyoteleza. Makoti ya mvua yanakodishwa langoni, ukikodi sawa, lakini mwezi wa maji mengi yanasaidia nusu tu. Tulichofanya sisi: gauni jepesi, kitenge juu, na kitenge kingine kikavu kwenye mfuko wa plastiki cha kubadilisha. Simu iwe kwenye mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, na fundo. Mwenyekiti alisema yake ni ya kisasa haiingii maji. Ilizima palepale darajani, na ndiyo bahasha ya pili ya dharura.

Anza na njia ya mbele ya ukuta, uone mkondo wa mashariki, kisha uvuke daraja jembamba la miguu linaloitwa Knife-Edge. Hapo ndipo penyewe. Maji hayaji kutoka juu tu, yanapanda kutoka chini yakakunyeshea kutoka kila upande, na mngurumo unauhisi kifuani kabla ya masikioni. Upana wote wa maporomoko ni meta 1,708 na kimo hufika meta 108, ila ukiwa pale namba hazina kazi. Shangazi alisimama katikati ya daraja, ameloa chapa, akasoma kibao: Mosi-oa-Tunya. Akaniuliza maana yake. Nikamwambia ni moshi unaonguruma, kwa lugha ya Wakololo. Akasema, "Mosi, moshi. Sasa hawa si ndugu zetu tu? Huyo Victoria ndiye aliyetoka wapi?" Nikamweleza kwamba ni malkia wa Uingereza, Livingstone alimpa jina hilo alipoletwa hapa mwaka 1855. Watonga nao wanapaita Shungu Namutitima. Shangazi akasema basi majina yanatosha, twende.

Baada ya kukauka kidogo, wenye magoti mazima washuke Boiling Pot, chini kabisa bondeni ambako maji yanazunguka kama chungu kinachochemka. Kushuka ni ngazi za mawe katikati ya miti na mikindu ya porini. Kupanda ni adhabu. Jipe saa moja na nusu na maji ya kunywa. Shangazi alibaki juu na begi zetu, na nyani hawakumsogelea.

Siku ya Zimbabwe

Usiunganishe pande zote mbili siku moja. Inawezekana, lakini utakimbia.

Kutoka lango la Zambia ofisi ya uhamiaji iko jirani. Unagonga muhuri, unatembea hadi darajani. Kama huna mpango wa kuingia Zimbabwe na unataka tu kuona daraja, waambie hivyo dirishani. Watakupa kikaratasi cha kwenda darajani na kurudi bila kula kurasa za pasipoti. Daraja lilifunguliwa mwaka 1905, lina urefu wa meta 198, na treni bado hupita. Katikati kuna vijana wanaojirusha wamefungwa kamba miguuni, meta 111. Tulikaa kutazama watatu. Wa nne alikataa dakika za mwisho, tukampigia makofi kuliko wote.

Ukishavuka na kugonga muhuri wa Zimbabwe, lango la hifadhi haliko mbali. Hapa bei ni za ngazi tatu: raia, watu wa SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), na wageni wengine. Mtanzania ni wa SADC, Mkongo ni wa SADC, na Mkenya au Mganda hawamo, wajipange kwa bei ya juu, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya ile ya Zambia. Toa pasipoti kabla ya hela na utaje SADC mwenyewe. Ukinyamaza, karani atakuandikia kile anachokiona.

Njia inafuata ukingo wa bonde mbele ya maporomoko, na takribani robo tatu ya ukuta unauona kutoka huku. Anza kushoto, kwenye sanamu ya Livingstone na Devil's Cataract, pale ambapo maji hayakauki, kisha rudi taratibu kupitia msitu unaoloweshwa na manyunyu mwaka mzima. Zambia ulikuwa ndani ya maji. Huku unayatazama uso kwa uso. Ndiyo sababu nasema zote mbili, na kama ni moja tu, Machi hadi Julai Zambia, Septemba hadi Desemba Zimbabwe. Mwisho wa njia pana mahali panapoitwa Danger Point. Mawe yake yameloa, yanateleza, na ukingo hauna uzio. Mkono wa shangazi niliushika mimi, na wa kwangu aliushika mwenyekiti. Picha zipigwe mtu akiwa amekaa chini.

Rudi mpakani mapema. Teksi za kuchangia za upande wa Zambia huadimika jua likizama, na kuna wale tembo.

Kurudi

Tiketi ya Livingstone kwenda Lusaka tulikata siku moja kabla. Vitenge vilivyoloa tulivitundika kwenye dari ya basi hadi Choma, kondakta akanyamaza. Kwacha usizirudishe nyumbani nyingi. Zimalizie Nakonde, kwa sababu ukishavuka Tunduma bei yake inashuka ghafla midomoni mwa wabadilishaji walewale. Sisi zilibaki za vitumbuwa kumi na tano. Kila mtu viwili, shangazi vitatu.